Kazi za Kigoma na mjomba tunayemsingizia

Muulize kijana aliyemaliza chuo akarudi Mwanga, Gungu au Ujiji kwa nini bado yuko nyumbani. Jibu utalipata kabla hujamaliza swali: kazi za siku hizi ni kujuana. Mama yake atakubaliana naye, jirani ataongeza mfano wa mtoto wa fulani, na mazungumzo yataishia hapo.

Sibishi kwamba kujuana kupo. Anayekataa hajawahi kusimama nje ya geti la mkandarasi tangu alfajiri huku akiona wenzake wakiingia kwa kupigiwa simu. Ninachobisha ni jinsi jibu hilo linavyotumika kufunga mjadala. Ndani yake tumerundika mambo matatu yasiyofanana. Kuna kupata habari mapema. Kuna kuwa na mtu anayeweza kusimama akasema "huyu namfahamu, anafanya kazi". Halafu kuna upendeleo wenyewe, ule wa ndugu na bahasha. Hilo la tatu ni uovu, na mtafuta kazi hawezi kulimaliza peke yake. Mawili ya kwanza yanajengeka, na kwa mkoa kama wetu naamini yanaamua nafasi nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Nianze na habari. Ushauri mwingi wa ajira tunaousikia umetungwa kwa ajili ya Dar es Salaam: pamba CV yako, jisajili mitandaoni, tuma maombi kila asubuhi. Kule kuna kampuni nyingi kiasi kwamba ukitupa nyavu mara nyingi kitanasa kitu. Huku waajiri wakubwa wa kudumu unaweza kuwataja bila kupumzika: halmashauri, shule, Hospitali ya Maweni na vituo vya afya, bandari, reli, TANESCO, benki chache. Nje ya hao, kazi ya Kigoma huja kwa vipindi. Agosti 2022 ilikuja sensa na makarani wake. Julai 2024 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilizindua hapahapa mkoani uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na vijana wakahitajika kuendesha mashine za kuandikishia. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi mkuu. Hata ziwa lina msimu wake wa kulazimishwa: mwaka 2024 Serikali ililipumzisha Ziwa Tanganyika kwa kusimamisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na familia za Kibirizi na Katonga zikalazimika kutafuta pa kushika.

Kazi ya kipindi ina tabia yake. Tangazo lake hubandikwa kwenye ofisi ya kata au halmashauri, hukaa siku chache, na likishapita limepita. Mara nyingine halibandikwi kabisa. Msimamizi wa eneo la ujenzi anamwambia dereva wake kwamba keshokutwa wanatakiwa mafundi nondo, dereva anawaambia anaokula nao chakula cha mchana, na kufikia jioni nafasi zimejaa. Ukiwaona wale mafundi wakiingia getini utasema wana mtu ndani. Mtu wao ni dereva, ambaye si mjomba wa yeyote kati yao. Walikuwa mahali habari ilipopita.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kati ya watu unaoonana nao kila wiki, ni wangapi wapo karibu na habari za kazi? Wahitimu wengi wanaonana na wahitimu wenzao wasio na kazi, kwenye kundi moja la WhatsApp ambamo matangazo yanasambazwa yakiwa yamekwisha muda. Mtendaji wa kata, karani wa masjala, mama anayeuza chakula nje ya yadi ya mkandarasi, fundi aliyeingia awamu iliyopita, hawa wanajua zaidi kuliko kundi zima. Salamu haina gharama, ila inataka uvae na utoke. Na ukitoka, usimwombe mtu kazi. Watu wengi hawana kazi ya kukupa, na ukiwaomba wanaanza kukukwepa. Muulize anajua nini: wanachukua watu wa aina gani, karatasi gani zinatakiwa, nani anapokea majina.

Kuna habari nyingine ambayo iko wazi kwa kila mtu na karibu hakuna anayeisoma kama tangazo la kazi, nayo ni habari ya mikataba kusainiwa. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Vijiweni tulibishana itakamilika lini. Lakini mradi wa reli una mpangilio unaotabirika. Wanatangulia wapimaji na wasafisha njia, kisha madereva wa malori na waendesha mitambo ya kazi za udongo, kisha mafundi nondo, mbao na zege wa madaraja na makaravati, na baadaye sana watu wa umeme na mawasiliano. Kati ya hatua na hatua kuna miezi. Kijana anayesoma habari hiyo akakimbilia chuo cha ufundi stadi cha VETA Kigoma kuuliza nafasi ya mafunzo ya mitambo au uchomeleaji yuko mbele ya yule atakayeanza kuhangaika siku geti litakapofunguliwa.

Fundi aliyejifunzia mtaani asijione yuko nje. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa unachokijua, mapungufu yanafanyiwa kazi kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Nimewaona mafundi waliojenga nusu ya nyumba za mtaa wakikataliwa kazi aliyopewa kijana asiyejua kushika mwiko vizuri ila ana karatasi. Inaudhi, lakini msimamizi aliyetoka nchi nyingine hajui nyumba ulizojenga Buzebazeba. Anajua karatasi.

Hapo tunaingia kwenye ushuhuda, na ndipo penye uzito wa jambo lote.

Matangazo ya ajira serikalini humtaka mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika. Wengi hujaza sehemu hiyo dakika ya mwisho: mhadhiri aliyekufundisha ukiwa mmoja wa wanafunzi mia nne, mchungaji au shehe wa nyumbani, na mjomba mwenye cheo. Mhadhiri akipigiwa simu hakukumbuki. Kiongozi wa dini atasema una tabia njema, jambo ambalo mwajiri alilitarajia. Mjomba ndiye yule tunayewalaumu wenzetu kwa kuwa naye. Hakuna hata mmoja anayeweza kusema ulipewa kazi gani, ukaifanyaje, ukachelewa mara ngapi.

Mdhamini wa kweli anapatikana kwenye kazi, na kazi ndogo inatosha kumzalisha. Karani wa sensa aliyemaliza eneo lake bila kurudiwa ana msimamizi wa kumtaja. Aliyehesabu magunia kwenye ghala la mfanyabiashara wa dagaa kwa msimu mmoja anaye pia. Kosa ni kuondoka kazini kimyakimya siku malipo yanapoisha. Kabla hujaondoka, nenda kwa aliyekusimamia, mwombe akubali kuwa mdhamini wako, chukua namba yake, na umwombe barua fupi inayotaja kazi uliyoifanya na muda wake. Baada ya miezi sita mpigie umjulie hali bila kuomba kitu. Ukimpigia tu siku unapotaka barua, atakusaidia mara moja, ya pili simu itaita bila kupokelewa.

Kwa aliyeajiriwa kwa mkataba, barua hiyo si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Ni karatasi inayosema ulikuwapo, kwa kazi gani, tangu lini hadi lini. Watu wanaacha kuidai kwa sababu wanaondoka na hasira, au kwa sababu mradi umefungwa haraka na ofisi imehamia mkoa mwingine. Miaka miwili baadaye tangazo linataka uzoefu uliothibitishwa na hawana cha kuonyesha. Tukio la namna hiyo huingia kwenye hesabu ya kujuana pia, ingawa hakuna aliyempendelea mtu.

Sheria hiyohiyo ina jambo la siku ambalo wengi hulijua limeshachelewa. Ukiona umeachishwa kazi isivyo halali, malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kukaa nyumbani mwezi na nusu ukisubiri meneja akupigie kukuomba radhi ni kuiacha haki ikupite. Na aliye bado ndani ya miezi sita ya mwanzo ajue kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haijamfikia, hivyo asianze mwezi wa tatu kujiona mwenyeji.

Suala la kujitolea linaangukia hapahapa. Shuleni na kwenye zahanati zetu wapo wahitimu wanaojitolea kwa posho ya nauli, wengine bila hata hiyo. Siwezi kumshauri mtu afanye kazi ya bure kwa miaka, na mwajiri anayelea tabia hiyo anastahili kusemwa. Ila ukijitolea, jitolee kwa barua ya kupokelewa, kwa muda uliotajwa, na kwa kazi inayolingana na taaluma yako. Mhasibu anayejitolea kupiga fotokopi mwaka mzima ametoka na uzoefu wa fotokopi. Ofisi ya Waziri Mkuu inayo programu ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, na ipo pia ya uanagenzi kwa wanaojifunza ufundi. Ulizia hizo kabla ya kujitolea kiholela, maana zinakupa karatasi inayotambulika.

Sasa kuna mlango mmoja ambao kwa Kigoma unastahili aya zake, kwa sababu wanaotuandikia ushauri kutoka mbali hawaujui. Huwezi kujisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mikoa mingine kupata namba hiyo ni suala la kujaza fomu na kusubiri. Huku mpakani ni suala la kuulizwa babu yako alizaliwa wapi. Maombi hupitia uhakiki wa uraia, wahusika wa Uhamiaji huuliza maswali, na wapo wanaorudishwa mara kadhaa kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mzazi au barua ya kijiji alichotoka bibi. Wabunge wa mkoa huu wamelalamikia jambo hilo bungeni mara nyingi. Mlalamikie na mbunge wako, lakini usisubiri Bunge. Anza mchakato ukiwa na umri wa miaka 18, wakati wazee wanaoweza kusimama kukushuhudia wangali hai na kumbukumbu zao hazijachoka. Mhitimu anayeanza kuhangaikia NIDA wiki ambayo nafasi zimetangazwa tayari amezikosa.

Pamoja na hilo kuna majina. Shule ya msingi uliandikishwa kwa jina la nyumbani, ulipofika sekondari mwalimu akaandika jina la dini, chuoni ukaongeza la babu. Vyeti vitatu vina watu watatu. Hilo hurekebishwa kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina, kwa wakili, na linachukua muda na pesa. Lifanye mwaka usio na tangazo. Pia usiambatishe matokeo ya muda au hati ya matokeo mahali wanapotaka cheti chenyewe. Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia maombi ya kazi serikalini, imeandika hivyo kwenye matangazo yake kwa miaka, na bado watu wanachujwa kwa kosa hilo hilo kisha wanasema waliochaguliwa walipangwa.

Mfano wa udereva unaonyesha haya vizuri. Nafasi ya dereva serikalini kwa kawaida humtaka mtu mwenye kidato cha nne, leseni ya daraja la E au C aliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa. Kigoma imejaa madereva hodari, waliokwenda Kasulu na Kibondo miaka ile barabara ilikuwa matope. Wengi wana leseni na uzoefu, hawana cheti cha mafunzo. Kozi yenyewe si ndefu. Anayeikosa hushindwa kabla jina lake halijasomwa.

Usaili nitaupitia haraka, kwa kuwa umeandikiwa sana. Mchujo wa kada nyingi sasa hufanyika mikoani, na msailiwa hupangiwa kituo kwa kufuata makazi aliyojaza kwenye akaunti yake. Kama ulijaza Dar es Salaam ulipokuwa unasoma na sasa uko Buhigwe, badilisha leo. Kwenye usaili wa mahojiano, jua taasisi inafanya nini na sheria iliyoianzisha. Aliyefaulu akakosa nafasi hubaki kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa baadaye, hivyo usibadilishe namba ya simu ovyo.

Nimeacha kwa makusudi suala la mashirika ya misaada hadi hapa, kwa sababu ndilo linalotakiwa kubadilisha fikra za wengi wetu kuhusu safari nzima ya kazi. Tangu miaka ya 1990, wakimbizi walipoingia kutoka Burundi na Kongo, kambi zimekuwa mwajiri mkubwa wa mkoa huu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Vizazi viwili vya vijana wa Kasulu, Kibondo na Kakonko vimekua vikijua kwamba kazi nzuri ni ya shirika: gari jeupe, mshahara unaoshinda wa halmashauri, mkataba wa mwaka unaofanywa upya. Ulikuwa mshahara mzuri, lakini ulifuata fedha za wafadhili, na kambi haikuwahi kuahidi kudumu. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Warundi wamekuwa wakirejea kwao kwa utaratibu wa hiari tangu 2017. Kisha Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na Juni mwaka huohuo UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikatangaza kufuta nafasi za kazi 3,500 hivi duniani. Mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya mkataba wa miezi kumi na miwili aliamka hana kitu, huku akiwa na nyumba ya kupanga, mkopo wa gari na watoto kwenye shule ya kulipia.

Ninavyoona, mwenye mkataba wa mradi anatakiwa aanze kutafuta kazi nyingine mwezi wa kwanza wa mkataba, akiwa bado ana mshahara, kiti na heshima. Simaanishi kuhama ovyo. Namaanisha kila robo mwaka ajiulize ni kitu gani anachokifanya hapa ambacho mwajiri asiye wa kambi angekilipia. Mtunza ghala wa chakula cha wakimbizi amepokea malori, amelinganisha hati na mzigo, ameandika leja, amezuia upotevu, amekabiliana na wakaguzi wakali kuliko wa duka lolote mjini. Mkandarasi wa reli anamhitaji, Bohari ya Dawa inamhitaji, msambazaji wa saruji anamhitaji. Ila CV yake imejaa vifupisho vya mradi ambavyo nje ya geti la Nyarugusu hakuna anayevielewa. Aliyekuwa akihamasisha usafi na kusimamia visima ana kazi inayofanana na ya wakala wa maji vijijini. Andika kazi uliyoifanya kwa maneno ambayo fundi na mfanyabiashara wanayaelewa, jina la mradi liwe mwishoni.

Na pesa ya mkataba isigeuzwe kuwa mshahara wa kudumu kichwani. Aliyeweka akiba ya miezi michache anaweza kukataa kazi mbovu. Asiye nayo atapokea ya kwanza inayokuja, atakaa kwayo miaka mitatu, na uzoefu wake utakuwa wa kitu asichokitaka.

Watu wataniuliza kuhusu kujiajiri. Michikichi ipo, ziwa lipo, mpaka upo, na halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni vizuri. Ila nimechoka kusikia neno "jiajirini" kutoka kwa watu walioajiriwa tangu walipomaliza chuo. Mchikichi mpya hulimwa kwa mtaji na subira ya miaka, na kijana asiye na ardhi wala nidhamu ya hesabu za biashara akisukumwa kwenye kikundi cha mkopo anaongezewa deni juu ya ukosefu wa kazi. Wengi wanaofanikiwa kujiajiri ninaowaona sokoni Kigoma walianza kwa kumfanyia kazi mtu mwingine kwenye biashara hiyohiyo.

Sasa lile la tatu, upendeleo. Anayekuomba pesa ili jina lako "lipite" anakuibia mara mbili, kwa sababu mara nyingi hana uwezo wa kulipitisha. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakuna ada. Anayetaka mwili wa binti kwa kubadilishana na nafasi anatenda kosa lililotajwa kwa jina katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya TAKUKURU, 113, hupigwa bure. Najua kuripoti si rahisi katika mji ambao kila mtu ni shemeji wa mtu. Hifadhi ujumbe wa simu, mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya kwenda kukutana naye, na usiende peke yako.

Wakati huohuo wanaoajiri kwa vipindi wanaweza kutupunguzia maneno kwa gharama ya karatasi mbili. Mkandarasi anayechukua vibarua mkoani hapa, na halmashauri inayochukua makarani, wabandike tangazo kwenye ofisi ya kata siku saba kabla ya kupokea majina, likisema sifa zinazotakiwa na nani anapokea. Wakishachagua, wabandike hapohapo majina ya waliopata na sifa walizokuwa nazo.